Jaketi Lililokunywa Maji

"Umepima mangapi?" Hamse Awale aliuliza.

Inspekta Phelister Akech alikuwa ameliweka lile jaketi la kuelea juu ya meza, kati yake na mshukiwa. Lilikuwa la rangi ya machungwa, tope la mto Ngong limekaukia kwenye mikunjo. Mtu aliyelivaa mwisho aliitwa Dedan, mwokoaji wa kujitolea wa kituo cha Mukuru kwa Reuben. Alizama nalo wiki iliyopita, mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa mzima. Lilipopasuliwa, ndani mlikutwa sponji ya godoro.

"Mangapi ya nini?"

"Majaketi. Mmenifungia humu kwa sababu ya majaketi. Nauliza umepima mangapi."

"Hilo moja linatosha. Limeua mtu."

Hamse alikuwa mfanyabiashara wa Eastleigh, ndevu zake zimetiwa hina, kanzu yake imeanza kuchafuka kwa kulala sakafuni. Hakupandisha sauti. "Inspekta, mimi nilitoa sadaka. Mzigo wangu niliushusha Huruma, nikaukabidhi Ndambuki mkononi. Ulikuwa wa kituo kimoja. Huko Mukuru mimi sijawahi kukanyaga."

"Ndambuki anasema ya vituo vyote vitatu yalitoka kwako."

"Basi kati yetu kuna mmoja mwongo. Na wewe umeshaamua ni nani, maana niliye huku ndani ni mimi."

Akech alilifunga jaketi ndani ya mfuko wa ushahidi, akatoka bila kuaga. Maneno yale yalimkera, na kilichomkera zaidi ni kwamba hayakuwa na kelele. Alikuwa amewahoji waongo wengi. Mwongo hupenda kuapa.

Lakini Ndambuki hakuwa mtu wa kushukiwa. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mto Mathare ulipovunja kingo, mama yake Akech alikuwa juu ya paa la nyumba huko Huruma, maji yanakaribia miguu, simu imezima. Ndambuki, fundi wa reli aliyekuwa hata hamjui, alijifunga kamba ya kuanikia nguo kiunoni, akamfuata, akamrudisha mgongoni. Tangu siku hiyo Akech alimwita kaka. Baadaye Ndambuki akawakusanya watu wa mitaa, akaanzisha vituo vya waokoaji kando ya mito: Huruma, Kiambiu na Mukuru. Hakuna aliyelipwa. Dedan alipokufa, ni Ndambuki aliyekuja ofisini analia, akaomba kesi ipewe Akech na si mtu mwingine. "Mdogo wangu," alisema, "usimwache Hamse. Ametupa takataka akatupigia makofi."

Akech alimkamata Hamse jioni hiyo hiyo.

"Tunaenda wapi, madam?" aliuliza Koplo Shiundu, funguo za gari mkononi.

"Vituo vyote. Tupime kila jaketi. Nataka wakili wake akose pa kupenyea."

Hivyo ndivyo alivyosema, na wakati huo ndivyo alivyoamini.

*

Kituo cha Mukuru kilikuwa kontena kuukuu nyuma ya viwanda, kimeinuliwa juu ya matofali ili maji yasikifikie. Caleb Ondiek, kiongozi wa kituo, alikuwa ametoka kiwandani akaomba ruhusa ya saa za mchana. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na tangu Dedan afe alikuwa na tabia ya kuzungumza akiutazama mto.

"Nionyeshe kila mtu alikuwa wapi," Akech alisema.

"Hapa tulikuwa mimi na Ndambuki, tumeshika kamba. Ndambuki alikuwa amekuja na wageni wake, wafadhili wale, kuwaonyesha kituo. Mvua ikatukuta hapa hapa. Tukasikia nduru. Kulikuwa na mama na mtoto kwa ile nyumba ya mabati iliyobaki nguzo, pale. Dedan akasema, mimi naenda."

"Akafika?"

"Akafika. Mtoto akatupitishia, tukamvuta mama pia. Wako hai wote, madam. Wako kwa shosho, nyanya ya mtoto." Caleb akaugeukia mto tena. "Wakati anarudi ndiyo paa likang'oka. Bati likakata kamba kama kisu."

"Kisha?"

"Hakushtuka. Alituonyesha dole, ati niko sawa. Jaketi si limemshika? Akalala chali, akatulia. Hakuogelea hata kidogo."

"Kwa nini hakuogelea? Ukingo haukuwa mbali."

"Ndivyo tulifunzwa. Ukiwa na jaketi usipigane na maji. Tulia, likubebe, wenzako watakupata huko mbele. Tulikariri mpaka ikaingia kwa damu."

"Nani aliwafunza?"

"Ndambuki."

"Endelea."

"Akaanza kushuka. Polepole, kama mtu anakaa kwa kiti. Kufika pale kwa bomba, kichwa hakikuonekana tena. Ndambuki akaruka, akamfuata hadi darajani. Maji yalimbingirisha, lakini jaketi lake lilimshika vizuri, tukamtoa kule chini akiwa mzima. Dedan tulimpata kesho yake."

Shiundu alikuwa amekwisha kujaza pipa maji. Akech alichukua jaketi la kwanza ukutani, akalifunga tofali kwa kamba chini yake, akaliachilia. Lilielea vizuri, tofali likining'inia. Caleb akapumua.

"Ngoja," Akech alisema.

Walingoja. Pembe moja ya jaketi ikaanza kulegea. Vipovu vikapanda kwenye mshono. Kisha jaketi zima likainama, likazama bila sauti hadi chini ya pipa. La pili likafanya hivyo hivyo. La tatu pia. Walipofika la mwisho, Caleb alikuwa amechutama chini, mikono kichwani.

"Hilo ni langu," alisema. "Mwezi jana nimeingia nalo majini. Mara mbili. Manze, nilikuwa navuka na hilo nikijiambia nimefunikwa." Alicheka kicheko kibaya. "Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi nikadhani ni chawa."

"Nani aliwaletea?"

"Ndambuki mwenyewe, asubuhi ya uzinduzi. Wageni walikuwa wanakuja. Tukavaa, tukapigwa picha."

"Hamse alikuwepo?"

"Nani?"

"Hamse Awale. Yule wa Eastleigh."

"Madam, huyo mtu mimi jina lake nimelisikia kwenu."

Ndani ya gari Shiundu alikohoa kidogo. "Madam, kuna kitu kinanisumbua. Siku moja, mto mmoja. Jaketi la Dedan limezama, la Ndambuki limembeba hadi darajani."

"Bahati," Akech alijibu. "Mzigo wa takataka haukosi jaketi moja zuri. Na yeye pia amedanganywa kama wenzake."

Shiundu aliwasha gari. Akech alijua jibu lake lilikuwa bovu, na alijua Shiundu anajua.

*

Kiambiu walimkuta Batulo, kiongozi wa kituo, mama wa makamo mwenye duka la shela na mitandio upande wa pili wa mto, ameketi mlangoni pa kontena anakunja kamba. Hakuuliza walichofuata. Aliinuka, akaleta pipa yeye mwenyewe.

"Nilikuwa nawangoja," alisema. "Tangu yule kijana afe mimi nawangoja."

Majaketi ya Kiambiu yalizama yote. Batulo aliyatazama yakishuka moja baada ya lingine, uso wake haukubadilika, ila mkono uliokuwa umeshika ukingo wa pipa uliendelea kukaza.

"Mbona hukuyapima mapema?" Akech aliuliza.

"Nilitaka. Baada ya mazishi nilimpigia Ndambuki, nikamwambia, kaka, tuyatie maji tuone. Akaniambia Batulo, usinivunjie jeshi. Yale mabovu yalikuwa machache tu, polisi wameyachukua, na mwenye makosa ameshikwa. Akasema nikianza kupima, watu watatoroka vituo, na mvua iko njiani." Akamkazia Akech macho. "Wewe ungemwamini?"

"Ningemwamini."

"Basi usiniulize."

Akech alichukua wembe, akakata mshono wa jaketi moja. Uzi ulikuwa mnene, wa manjano, unateleza vidoleni kwa nta. Haukuwa umepitishwa kwa cherehani. Kila tundu lilikuwa limetobolewa kwa mkono, pana, la kushindiliwa. Aliuinua uzi puani. Alijikuta anatazama chini, miguuni pake mwenyewe. Viatu vyake vya ngozi, alivyonunua Kariokor Krismasi iliyopita, vilikuwa na mshono huo huo, uzi huo huo wa manjano.

"Shiundu," alisema. "Hakuna kiwanda kinachoshona hivi. Hili limeshonwa kwa msharasi."

"Na fundi viatu."

"Na fundi viatu wa hapa hapa mjini. Hamse aliagiza mzigo wake ng'ambo, tumeona picha za kontena bandarini." Kisha akasema kile alichokuwa anakikwepa tangu Mukuru. "Kuna mizigo miwili."

*

Soko la Kariokor lilikuwa linanuka ngozi na mpira ulioungua. Walipita kati ya safu za viatu vya matairi, Akech amebeba kipande cha jaketi, anawaonyesha mafundi mmoja mmoja. Wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili akasema uzi ni wa kila mtu, nendeni zenu. Wa tatu alikigeuza kile kipande, akatazama jinsi fundo la mwisho lilivyofichwa kwa ndani, akaashiria kwa kidevu kibanda cha pembeni.

"Hilo fundo ni la Mativo. Muulizeni Mativo."

Mativo alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ana misumari midogo mdomoni karibu aimeze kwa kucheka na jirani. Alipoona kipande akatabasamu.

"Eh! Hii ni kazi yangu. Mnataka zingine?"

"Ulimshonea nani?" Akech aliuliza.

"Yule jamaa wa Huruma, wa waokoaji. Mkamba mwenzangu. Ndambuki."

Kelele za nyundo ziliendelea pande zote. Akech alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Alikuja na mtu?"

"Peke yake. Alikuja na jaketi moja safi kabisa, ya ng'ambo, akaniambia nifananishe. Rangi, mikanda, kila kitu. Nikamuuliza ndani niweke nini, akasema weka sponji, ni ya maonyesho tu. Kuna wageni wanakuja, vijana wavae wapendeze, wapigwe picha, basi." Mativo akaangalia uso wa Akech, kisha wa Shiundu, na tabasamu likaanza kumtoka. "Mbona mnaniangalia hivyo?"

"Dedan wa Mukuru alizama amevaa hii," Shiundu alisema.

"Imeingia majini?" Mativo alisimama, misumari ikaanguka. "Hapana. Hapana, afande. Mimi nina watoto. Ningeshonea mtu sponji aingie nayo mtoni? Aliniambia maonyesho! Mwiteni hapa aseme mbele yangu!"

"Utayasema hayo kortini?"

"Nitayasema hata kanisani."

*

Kituo cha Huruma ndicho kilichokuwa nadhifu kuliko vyote. Kontena lilikuwa limepakwa rangi, boti ya mpira imepinduliwa juu ya vibao, filimbi zimetundikwa kwa mpangilio. Ndambuki alikuwa anawaonyesha waokoaji wawili wa kike jinsi ya kutupa kamba. Alipomwona Akech uso ukamchangamka.

"Mdogo wangu! Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia." Na ilikuwa kweli. Mama alikuwa amemsalimia asubuhi hiyo.

"Hamse amekiri?"

"Bado. Nimekuja kupima majaketi."

"Haya si tumeshayaangalia? Ya hapa hayana shida."

"Najua," Akech alisema. "Nataka kuona."

Shiundu alijaza pipa. Tofali lilikuwa lile lile. Jaketi la kwanza lilielea. Walingoja kama walivyongoja Mukuru, na likaendelea kuelea, kavu mgongoni, tofali likizunguka chini yake. La pili likaelea. La tatu pia. Wale wanawake wawili walikuwa wanatazama bila kuelewa kwa nini inspekta, kila jaketi likielea, anazidi kuonekana mgonjwa.

"Tuingie ndani, kaka," Akech alisema.

Ndani ya kontena alifunga mlango nusu, Shiundu akasimama kwenye mwanga. Akech alitoa mfukoni kile kipande chenye uzi wa manjano, akakiweka juu ya boksi la dawa.

"Nimetoka Kariokor," alisema.

Ndambuki alikitazama kwa muda mrefu. Hakujaribu kutoroka, hakujaribu kukana. Alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu aliyebeba gunia tangu alfajiri na sasa ameambiwa aweke chini.

"Hamse alileta ya kituo kimoja," alisema. "Mimi nilikuwa nimewaahidi wafadhili vituo vitatu. Walisema wakiviona vitatu vimesimama, wataleta boti, watatupa kila kitu. Sasa ningewaonyesha nini? Watu wawili wawili na kamba za kuanikia nguo? Nikasema tuvae hizi siku moja. Wakitoa vifaa, nazichoma, hakuna atakayejua."

"Hawakutoa."

"Waliahidi. Kila wiki waliahidi. Nilikuwa nitabadilisha, Phelister. Naapa kwa Mungu nilikuwa nitabadilisha. Kisha mvua ikaja mapema."

"Na yale mazima ukayaweka hapa. Kituo chako."

"Huku ndiko maji hupiga sana."

"Usinidanganye tena. Mukuru wameingia majini mara nyingi kuliko nyinyi."

Ndambuki alikigeuza kile kipande juu ya boksi.

"Mwezi mzima Caleb anaingia mtoni na godoro kifuani. Batulo alikuomba apime, ukamkataza. Uliwafunza watulie, jaketi litawabeba. Kisha ukaja kwangu unalia, ukanitajia Hamse, mtu aliyekupa alichokuwa nacho. Kesi ukaiomba ije kwangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kazi. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa unaniamini," Ndambuki alisema.

Nje mmoja wa wale wanawake alicheka kitu na mwenzake. Akech alingoja kicheko kipite.

"Siku ile Mukuru. Wewe ulivaa jaketi gani?"

"Langu. La hapa."

"La kweli."

"Ndiyo."

"Dedan alipokuwa anavaa lake, ulimwona?"

Ndambuki aliinama, akaitazama mikono yake. "Nilimkazia mikanda mimi mwenyewe."

"Ulikuwa umesimama naye. Umevaa jaketi linaloelea, unamkazia lisiloelea. Ungevua tu. Ungesema, chukua hili langu. Kwa nini hukumwambia, kaka?"

"Wageni walikuwa wanatutazama," Ndambuki alisema.

Akech alisikia, kwa mara ya kwanza, jinsi lile neno kaka lilivyosikika kinywani mwake, na akajua hatalitumia tena.

"Bwana Ndambuki," alisema. "Simama. Nakukamata kwa kifo cha Dedan na kwa kutoa habari za uongo kwa polisi. Si lazima useme lolote, na utakalolisema linaweza kutumika kama ushahidi. Shiundu, mfunge."

Pingu zililia. Akech alitoka nje, akampigia afisa wa zamu. "Hamse Awale atolewe sasa. Mwambieni anisubiri, nakuja kumwomba radhi mwenyewe. Akikataa kusubiri, mpelekeni nyumbani kwa gari." Kisha akampigia Caleb, amri fupi: vueni yote, hakuna anayeingia majini na hayo. Kisha Batulo.

"Tumeshavua," Batulo alisema. "Nani?"

"Ndambuki."

Upande wa pili ilisikika mvua ikipiga bati. "Inanyesha huku," Batulo akasema hatimaye. "Mto umeanza kubadilika rangi. Tukiitwa, Inspekta, tuvae nini?"

Akech aligeuka akatazama majaketi ya Huruma yaliyokuwa yanachuruzika maji juu ya boti. Kisheria yalikuwa vielelezo. Yalipaswa kuingia kwenye mifuko, kufungwa lakiri, kukaa kabatini hadi kesi iishe. Na kesi hapa mjini huisha lini?

"Shiundu, chukua mawili tu kama kielelezo, uyapige picha yote. Yaliyobaki tunayagawa mafungu matatu. La kwanza Kiambiu, la pili Mukuru, la tatu libaki hapa."

"Madam, mkubwa akiuliza?"

"Mwambie ni mimi."

Wale wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuona pingu. Hawakuuliza kitu. Walianza kubeba majaketi kuyapeleka garini, na kila walipopita mbele ya Ndambuki walipita upande wa mbali, kama mtu anavyopita penye shimo. Jaketi moja lilianguka karibu na miguu yake. Aliinama kuliokota kwa mikono yake iliyofungwa, akalinyoosha. Aliye karibu alilichukua bila kumtazama usoni.

"Ukiyagawa hivyo," Ndambuki alimwambia Akech, na kulikuwa na ombi la kweli katika sauti yake, "hayatatosha. Hakuna kituo kitakachokuwa na ya kutosha. Wengine watabaki bila."

"Ndiyo," Akech alisema. "Na watakuwa wanajua."

Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akangoja aingie.